Kifaa cha Babu Kinakomea Wapi?

    

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu ambacho huenda kiko nyumbani kwako sasa hivi. Kiko stooni nyuma ya magunia, au kimening'inia kwenye msumari kule bomani kwa wazee. Ni kifaa cha zamani, cha chuma kitupu au cha chuma na mti. Kilikuwa cha baba, au cha babu, au cha nyanya. Kila mtu katika familia anajua kilikuwa cha nani, lakini hakuna anayejua kilikuwa cha kazi gani. Umewahi kukutana na kitu kama hicho? Ukakigeuzageuza, ukakifungua na kukifunga, kisha ukakirudisha kilipokuwa?

Basi leo tutajifunza namna ya kukitambua. Nitasema mambo matatu, na nitayarudia ili yakae. La kwanza, kitazame kifaa chenyewe. La pili, kipeleke kwa wazee wakishike kwa mikono yao. La tatu, andika utakayoambiwa. Kitazame, kipeleke, andika.

Lakini kabla ya hayo, tujiulize: kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Kajiado, na kwa nini sasa?

Tazameni Kitengela. Wengi mnaonisikiliza mnakumbuka uwanda ule ulipokuwa malisho matupu, nyumbu na pundamilia wakitoka mbuga ya Nairobi msimu wa mvua na kula nyasi pamoja na ng'ombe wetu. Ardhi ilikuwa ya ranchi ya pamoja, chini ya ile sheria ya 1968 iliyowapa wanajamii hati moja ya wote. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande chake. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria ya EPZ, yaani maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza bidhaa nje, viwanda vikaja Athi River, na wafanyakazi wakahitaji pa kulala. Vipande vikakatwa vikawa ploti. Sensa ya 2019 ilipofika, Kitengela ilikuwa na watu zaidi ya 150,000, kutoka Murang'a, Machakos, Kisii, Kakamega na kwingineko. Na kila familia ilikuja na vyombo vyake.

Sasa, ploti ya futi 50 kwa 100 haina nafasi ya zizi. Mifugo ikipungua, zana za mifugo hukosa kazi. Mzee akishatutoka, watoto husafisha stoo. Na siku hiyohiyo, mkokoteni wa skrepa unapita getini. Mnunuzi ana mizani, ananunua kwa kilo. Simlaumu hata kidogo. Ni riziki yake, na tangu 2015 tuna sheria inayomtaka mfanyabiashara wa chuma chakavu awe na leseni. Ninachosema ni kwamba mizani hupima uzito tu. Chuma kikishafika kwenye tanuri, hata ukija kupata mzee wa kukueleza, huna tena cha kumwonyesha.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni la sasa. Kifaa kinaweza kukaa stooni miaka hamsini kikingoja. Mtu anayekijua hawezi kungoja hivyo.

Haya, tuingie kwenye kazi yenyewe. Leo nimekuja na kifaa kimoja hapa studioni, nimekiweka mezani mbele yangu. Nyinyi hamkioni, kwa hiyo nitawaeleza polepole, na kila mmoja ajaribu kubashiri. Wazee mnaokijua, tafadhali msiseme kwanza. Waacheni vijana wafikiri.

Kilikuwa cha babu yangu mzaa baba, aliyefuga ng'ombe nje ya mji wa Kajiado. Ni cha chuma, kizito, na urefu wake unakaribia kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Ukikiona kwa mbali utadhani ni koleo kubwa la fundi wa mabomba. Kina mipini miwili mirefu. Kina viungo viwili, si kimoja: kiungo cha kwanza kiko mipini inapokutana, na cha pili kiko karibu na mdomo. Mdomo wenyewe una taya mbili pana. Nikipitisha kidole juu ya taya, ni butu. Haziwezi kukata nyama wala kamba. Mwishoni mwa taya moja, kila upande, kuna kinundu kidogo kilichoinuka. Na kwenye mpini mmoja kuna kipande cha chuma kilichopinda kwa nje, ambacho hakishiki chochote.

Ni kitu gani hicho?

Nyumbani kwetu kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni cha kung'olea misumari ya reli, kwa kuwa njia ya reli ya Magadi inapita papo hapo Kajiado. Mwingine alisema ni cha kukatia waya wa seng'enge. Mwingine, cha kuvunjia mifupa. Majibu yote yalikuwa na akili ndani yake, lakini hakuna hata moja lililotazama taya. Taya butu hazikati waya. Taya pana haziwezi kushika kichwa cha msumari.

Kwa hiyo nawapa maswali manne ya kukiuliza kifaa chochote msichokijua. Kama una kalamu, chukua.

Swali la kwanza: mkono unashika wapi? Tafuta palipolainika, palipong'aa, mti ulipobonyea kwa jasho la miaka. Hapo ndipo mikono ilipokaa. Je, ni mkono mmoja au miwili? Mtu alikuwa amesimama au ameinama?

Swali la pili: nguvu inatoka wapi? Ni ya mkono, ya uzito wa kifaa chenyewe, ya ng'ombe anayevuta, ya moto, au ya upinde?

Swali la tatu: kinagusa nini? Udongo hukwaruza chuma kikawa na mistari. Moto hukiachia rangi na magamba. Ngozi ya mnyama na mafuta yake haviachi mikwaruzo.

Na swali la nne, ambalo naomba mlishike kuliko yote: kinakomea wapi? Yaani, ni nini kwenye kifaa hicho kinachokizuia kisiendelee? Kuna kinundu? Kuna pete? Kuna ukingo? Aliyetengeneza alitaka kazi iishie wapi?

Narudia: mkono unashika wapi, nguvu inatoka wapi, kinagusa nini, kinakomea wapi.

Tukiulize sasa hiki kilicho mezani. Mkono unashika wapi? Mwishoni mwa mipini, mikono yote miwili. Nguvu inatoka wapi? Inatoka mikononi, lakini viungo viwili vinaizidisha mara nyingi, kwa hiyo kazi yake inahitaji kubana kwa nguvu kubwa sana. Kinagusa nini? Taya hazina mkwaruzo wowote, maana yake ni kitu laini. Kinakomea wapi? Hapa ndipo siri ilipo. Taya zinabana sana, lakini hazikati. Na vile vinundu viwili vinazuia kitu kinachoteleza kisichomoke pembeni.

Kitu laini, kinachoteleza, kinachotakiwa kubanwa kwa nguvu bila kukatwa. Umeshakijua?

Kabla ya kipindi nimefanya jaribio ambalo wafugaji hulifanya kujua kama kifaa hiki bado ni kizima. Nimekunja karatasi, nikaweka uzi ndani ya mkunjo, nikauweka mdomoni mwa kifaa, nikabana. Nimekunjua karatasi: uzi umekatika vipande viwili, na karatasi haijatoboka. Nawasihi mkilijaribu hilo vidole vikae mbali kabisa, na watoto wasikaribie. Lakini jaribio hilo lina jibu lote. Karatasi iko mahali pa ngozi. Uzi uko mahali pa mshipa.

Hili, wasikilizaji wapenzi, ni koleo la kuhasi. Wafugaji wengi wa Kenya huliita burdizo, kwa jina la daktari wa mifugo wa Italia aliyelibuni mwanzoni mwa karne ya 20, Napoleone Burdizzo. Kabla yake, mara nyingi kuhasi dume kulimaanisha kisu, kwa hiyo kulimaanisha kidonda, na kidonda huleta nzi, usaha, na mara nyingine kifo. Koleo hili hubana mishipa inayopeleka damu kwenye korodani, upande mmoja kisha mwingine, ngozi ikiwa nzima. Damu haimwagiki. Baada ya wiki kadhaa korodani zinanyauka zenyewe, na dume anakuwa maksai: mtulivu, anayenenepa, anayeweza kulishwa pamoja na wenzake bila vita.

Fikirieni hilo lilimaanisha nini kwa mfugaji wa Kajiado. Shirika la nyama la KMC lilianzishwa mwaka 1950, likiwa na kiwanda Athi River, na maksai aliyenona alikuwa na soko karibu na nyumbani. Halafu wakaja madume wa Sahiwal, aina iliyotoka Bara Hindi, na mfugaji aliyetaka damu ya Sahiwal katika kundi lake alilazimika kuwahasi madume wengine. Chuma hiki kilichokaa stooni kwa babu kilikuwa kikiamua ng'ombe yupi azae na yupi auzwe.

Na kile kipande kilichopinda kwenye mpini? Nitawaambia nilivyokijua, kwa sababu kinatuingiza kwenye jambo letu la pili.

Nilikipeleka kifaa kwa mzee mmoja jirani ya boma letu. Nilianza kumwuliza kwa maneno, akaniambia hakumbuki vizuri. Nikamwekea mikononi. Hakusema neno. Aliinama kidogo, akakunja goti la kulia, akaegemeza kile kipande kilichopinda juu ya goti, na mkono mmoja ukabaki huru kushika kitu ambacho hakikuwepo. Goti lake lilikuwa limekumbuka kabla ya ulimi. Ndipo maneno yakaanza kuja: nani alikuwa akimshika ng'ombe kichwa, nani alikuwa akishika mguu, kwa nini walifanya asubuhi kungali na baridi.

Mmeona? Ningempelekea picha kwenye simu, angeitazama na kunirudishia simu yangu. Kwa hiyo nasema na kurudia: peleka kifaa chenyewe. Mpe mzee akishike. Usimkatize. Tazama mikono yake inafanya nini, kwa maana mikono haisahau upesi.

Sasa turudi kidogo kwenye lile swali la nne, kinakomea wapi, maana nataka mwone jinsi linavyofungua vifaa vingine vya huku kwetu.

Chukua mshale. Wengi wanaokuta mshale mfupi katika vitu vya babu husema ni wa vita au wa kuwinda. Tazama ncha yake. Kama chini kidogo ya ncha kuna kizingo cha mti au uzi uliozungushwa kwa wingi, mshale huo hauwezi kuingia ndani zaidi ya kile kizingo. Unaingia kiasi cha kutoboa ngozi na mshipa, basi. Huo ni mshale wa kumtoa ng'ombe damu. Wamasai, na majirani zao pia, walifunga ukanda wa ngozi shingoni mwa ng'ombe hadi mshipa ukajitokeza, mshale ukarushwa kwa karibu kabisa, damu ikakingwa katika kibuyu. Ukanda ukilegezwa, damu inakoma na mnyama anarudi malishoni. Ilikuwa chakula cha kiangazi, cha mama aliyejifungua, cha kijana aliyetoka jandoni. Mshale wenye kizingo haukutengenezwa kuua. Ulitengenezwa ili ng'ombe aishi, na mwakani atoe tena.

Chukua kifaa kingine: fimbo nyembamba ya chuma yenye ncha kali, imeingia ndani ya mrija wa chuma, na mrija una kisahani mwishoni. Watu hudhani ni silaha. Kinakomea wapi? Kwenye kisahani. Hicho ni cha kumwokoa ng'ombe aliyevimba tumbo kwa gesi baada ya kula majani machanga mabichi. Daktari hutoboa ubavu wa kushoto, fimbo yenye ncha inatolewa, mrija unabaki, gesi inatoka. Kisahani huzuia mrija usizame tumboni. Ukikipata, kitunze, lakini usikitumie. Mwite daktari wa mifugo.

Chukua sindano kubwa ya chuma na kioo. Katika fimbo yake ya kusukumia kuna nati ndogo inayozunguka. Vijana huidhania imewekwa kwa urembo. Kinakomea wapi? Kwenye ile nati. Unaizungusha mpaka kipimo unachotaka, na sindano haitoi dawa zaidi ya hapo, hata kama umechoka na kuna ng'ombe mia wanaongoja. Familia yenye sindano hiyo huenda imeshika kipande cha historia kubwa. Wazee wa Kajiado walisimuliwa juu ya ugonjwa wa sotoka, uliofagia ng'ombe wa Wamasai mwaka 1890 na 1891 na kuwaacha watu na njaa. Chanjo iliyokuja kuushinda ilitengenezwa hapa Kenya, kule Muguga, na mwanasayansi Walter Plowright na wenzake mnamo 1960. Mara ya mwisho sotoka kuonekana Kenya ilikuwa 2001, kwa nyati wa mbuga ya Meru, na mwaka 2011 dunia nzima ikatangaziwa kuwa ugonjwa huo umekwisha. Chanjo ilitoka maabara, lakini ilimfikia ng'ombe bomani kupitia sindano, na kwenye sindano kulikuwa na mkono wa mtu.

Na chuma cha chapa, kile chenye mpini mrefu na alama mwishoni? Kama alama ni herufi, mara nyingi utaiona imegeuka. Ikishachoma ngozi ndipo inasomeka sawa. Kama ni mistari na mikunjo, huenda ni alama ya ukoo, kwani koo za Wamasai zina alama zao, na ng'ombe akipotea alama hiyo humrudisha. Wahunzi wa Kimasai, Ilkunono, ndio waliofua vyuma vingi vya namna hiyo pamoja na mikuki na kengele za ng'ombe. Hapa kizuizi hakiko kwenye chuma. Kiko kwa mtu: kugusa na kuondoa, ngozi ipate alama bila kutoboka. Kwa hiyo uliza, nani katika familia alikuwa akishika chapa? Kazi hiyo haikupewa kila mtu.

Nanyi mliokuja Kitengela kutoka Ukambani, sijawasahau. Plau ya babu, ile ya kuvutwa na ng'ombe, pengine Victory ya kampuni ya Ransomes ya Uingereza iliyopendwa sana Machakos, ina gurudumu dogo la mbele. Mtu asiyejua hudhani ni la kurahisisha kuvuta. Kinakomea wapi? Gurudumu hilo linaamua jembe lizame kiasi gani. Mwenye plau aliyejua udongo wake alilipandisha au kulishusha. Tazama limefungwa kwenye tundu la ngapi, na usilibadilishe: pengine ndivyo babu alivyoliacha msimu wake wa mwisho wa kulima.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo leo.

Katika kaunti yetu, kwenye barabara ya Magadi, kuna Olorgesailie. Wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walianza kazi pale miaka ya 1940, na hadi leo ukienda utayaona mashoka ya mkono ya mawe yametapakaa ardhini, mamia kwa mamia, yaliyochongwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, mengine karibu milioni moja. Liulize shoka hilo maswali yetu manne. Mkono unashika wapi? Popote panapoweza kushikika. Nguvu ni ya mkono. Linagusa nyama na mfupa. Linakomea wapi? Halina pa kukomea. Makali yake yanazunguka karibu pande zote, na halikuhitaji kizuizi, kwa sababu mnyama aliyekuwa mbele yake alikuwa amekwisha kufa.

Halafu chukua mshale wa damu, koleo la kuhasi, mrija wenye kisahani, sindano yenye nati. Vyote vinamuumiza mnyama, na vyote vina kizuizi. Kwa nini? Kwa sababu mnyama huyo lazima kesho awe hai. Mfugaji ni mtu anayechukua kwa kiasi. Babu zetu hawakutuandikia hayo katika vitabu. Yamo katika vyuma walivyovichagua na kuvitumia. Ukishika kifaa cha babu na ukakiona kizuizi chake, umeshika kipimo alichojiwekea mwenyewe: nitachukua hadi hapa, sitapita hapa. Ndiyo maana inaniuma kifaa hicho kikiuzwa kwa kilo bila mtu kuuliza kilikuwa nini. Na wakati huu ambapo sisi wenyewe tunagawana malisho, mito na ardhi ya Kajiado, tunakihitaji kipimo hicho kuliko wakati wowote.

Basi ufanye nini, msikilizaji? Nitapita haraka.

Anza nyumbani. Kipeleke kifaa kwa mzee wa familia, kisha kwa mzee wa jirani. Usiwasahau akina nyanya. Vibuyu, nyuzi, ngozi na maziwa ni elimu yao, na mara nyingi wao ndio waliokiweka kifaa pale ulipokikuta. Kama nyumbani hakuna anayekijua, nenda siku ya soko la mifugo, Bisil au Kiserian, ambako wazee wa ng'ombe hukaa. Ingia pia duka la agrovet: koleo la kuhasi na sindano zenye nati bado zinauzwa, na ukiweka cha zamani kando ya kipya unapata jibu papo hapo. Tazama maandishi yaliyogandamizwa kwenye chuma, jina la mtengenezaji na nchi. Ukiwa na nafasi, tembelea jumba la makumbusho la Nairobi, au nyumba ya Karen Blixen kule Karen, ambako zana za shamba za zamani zimewekwa nje watu wazione.

Kisha andika. Andika jina la kifaa katika lugha ya aliyekuambia, hata kama ni Kimaasai au Kikamba na wewe hujui kuliandika vizuri. Andika kilikuwa cha nani, kilifanya kazi wapi, nani alikishika mara ya mwisho. Rekodi sauti ya mzee kwa simu yako. Kisha funga kikaratasi kwenye kifaa chenyewe kwa uzi, maana simu hupotea na kikaratasi hukaa.

Na tahadhari, tafadhali. Usikisugue kwa brashi ya waya wala usikitie tindikali. Kutu ukiing'oa hivyo, unang'oa na alama za mikono pamoja na maandishi. Kitambaa kikavu na mafuta kidogo vinatosha. Mshale wa kuwinda, hasa wa Ukambani, usiguse ncha yake kabisa: mingi ilipakwa sumu ya mti wa msunguti, na sumu hiyo hukaa miaka mingi sana bila kuisha nguvu. Makopo ya zamani ya dawa ya josho nayo usiyafungue. Dawa nyingi za zamani zilikuwa na aseniki. Na ukipata kitu cha zamani sana, kumbuka kwamba Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006 inalinda vitu vya kale, vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, visitolewe nje ya Kenya bila kibali. Mtu akija na ahadi ya pesa nyingi akitaka kukisafirisha, waulize Makavazi ya Kitaifa kwanza. Mawe ya Olorgesailie yenyewe yaacheni yalipo. Hayo ni ya wote.

Wasikilizaji wapenzi, muda wetu unakwisha, nami nayarudia mambo yetu matatu. Kitazame kifaa, ukiuliza mkono unashika wapi, nguvu inatoka wapi, kinagusa nini, kinakomea wapi. Kipeleke kwa mzee, ukimpa akishike mwenyewe. Andika, ukifunga kikaratasi kwenye kifaa.

Jumamosi hii, kabla ya kuingia shughuli nyingine, fungueni stoo. Toeni kitu kimoja tu, msichokijua. Kipelekeni kwa mtu mmoja tu aliyewazidi umri, na kaeni naye mpaka amalize. Kama mnunuzi wa skrepa atapita siku hiyo, mwuzieni mabati mabovu na ndoo zilizotoboka, na mwambieni hiki kingine bado kina maelezo hayajaisha. Kisha wiki ijayo tutumieni habari kupitia kipindi hiki, mtuambie kifaa chenu kilikuwa cha kazi gani na kinakomea wapi. Tutazisoma hapa hewani, ili familia nyingine yenye kifaa kama hicho nayo ipate kukijua.